Neno "Masoko" na Mkamuzi wa Alizeti: Istilahi za Uuzaji kwa Wenye Biashara Ndogo

Katika fomu nyingi za kuombea mkopo wa biashara ndogo huwamo sehemu inayomtaka mwombaji aeleze "mpango wa masoko" wake. Tuchukue mfano wa kikundi cha wanawake wakamuao alizeti katika Wilaya ya Ikungi au ya Iramba, mkoani Singida, wanaoomba fedha kutoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria, tangu mwaka 2018, inazitaka halmashauri ziitenge kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wafikapo penye sehemu hiyo wanawake hao huandika: "Soko Kuu Singida, mnadani, na stendi ya mabasi." Afisa aipokeaye fomu husoma, hutikisa kichwa, na kuandika pembeni kwamba waombaji hawana mpango wa masoko.

Kwa mizani ya lugha, jibu la wanawake hao halina kosa lolote. Waliulizwa habari za masoko, nao wameyataja masoko. Kosa limo katika swali, na hasara ya kosa hilo haimpati aliyelitunga. Inawapata wao, ambao pengine wanajua vizuri kuliko afisa nani hununua mafuta yao, kwa kiasi gani, na kwa nini humpita mwuzaji wa kibanda cha kwanza na kusimama kwenye cha tatu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno "masoko" lilivyopata kubeba maana ambayo mwuzaji wa kawaida haijui, na kuwapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali njia nyepesi ya kuieleza kazi hiyo kwa watu wanaoifanya kila siku bila ya kuambiwa kuwa ina jina. Mifano mingi imetolewa Singida, kwa kuwa huko alizeti, vitunguu, asali na kuku huuzwa na watu wengi wenye mitaji midogo, na mengi ya hayo huuzwa hadharani kando ya barabara kuu, ambapo msikilizaji mwenye subira anaweza kusikia lugha ya biashara ikifanya kazi yake bila ya kamusi.

Maana tatu za neno moja

Neno "soko" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mahali: pale watu wakutanapo kuuza na kununua. Juu ya maana hiyo imeota ya pili, nayo imeenea vilevile, yaani haja ya wanunuzi. Mtu husema "mwaka huu vitunguu havina soko" asiwe na maana kwamba jengo limebomoka. Maana hizi mbili anazijua kila mtu. Ya tatu ndiyo ile ya fomu: kazi yote ya kumjua mnunuzi, kumtayarishia kitu akitakacho, kukipangia bei, kukifikisha alipo, na kumjulisha kuwa kipo. Kazi hiyo ndiyo ambayo vyuo vya biashara huiita "masoko", na ndiyo ambayo watu wa mijini, wakichoka kutafuta neno, huiita "maketingi".

Mkoani Singida hata ile maana ya kwanza haikukaa katika neno moja. Soko ni lile la kila siku, lenye vizimba na ushuru. Mahali wakutanapo watu kwa siku maalumu ya juma au ya mwezi, ng'ombe na mbuzi wakiuzwa upande mmoja, nguo, sufuria na nyama choma upande wa pili, huitwa mnada, ingawa bidhaa nyingi za hapo haziuzwi kwa kunadi hata kidogo. Wengine husema gulio, neno lenye mzizi wa Kibantu wenye maana ya kununua. Basi mwalimu wa semina akiwaambia watu "mtafute masoko", msikilizaji ana haki ya kuuliza kama anaambiwa habari za soko, za mnada, au za gulio.

Hapana budi tujiulize maana hiyo ya tatu ilitoka wapi. Katika miaka ya 1960 na 1970 mkulima wa mazao ya biashara hakuwa na mengi ya kuamua baada ya kuvuna. Bei ilitangazwa na serikali. Zao lilipelekwa kwenye chama cha ushirika, na vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 kazi ya kununua ikawa ya mashirika ya umma. Mbegu za mafuta, alizeti zikiwamo, zilikuwa mikononi mwa GAPEX, na nafaka mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa. "Soko limefunguliwa" ilikuwa na maana moja tu: mizani imefika, karani amefika, na fedha zinatarajiwa. Mambo mengine yote, kama vile kutafuta mnunuzi wa mbali, kufungasha, kusafirisha na kupatana naye bei, yalifanywa mahali ambapo mkulima hakupaona. Katika hali hiyo haikuwa hatari kubwa kuziita kazi hizo zote "masoko". Aliyelitumia neno alikuwa ofisini, aliyeambiwa alikuwa ofisini, nao walielewana.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya mazao ikaanza kulegezwa, hatua kwa hatua, hadi miaka ya 1990. Kazi iliyokuwa ya shirika ikamwangukia mkulima, mkamuzi na mchuuzi. Lakini neno halikuteremka pamoja na kazi. Lilibaki juu, likapanda hata cheo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na Wizara ya Ushirika na Masoko, na kuanzia mwaka 2006 kwa miaka kadhaa Wizara ya Viwanda, Biashara na Masoko, vyama vya msingi navyo vikaitwa vyama vya ushirika wa mazao na masoko. Hakuna sababu ya kupigana na majina hayo. Jina la idara ni jina tu, na watu huyazoea majina. Shida huanza pale neno lililoandikwa mlangoni linapochukuliwa kuwa neno la kufundishia.

Mafungu manne na vizimba

Mfasiri wa vitabu vya biashara hawezi kukaa sana kabla ya kukutana na mafundisho ya Mmarekani E. Jerome McCarthy, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliipanga kazi hii katika mafungu manne ambayo majina yake, kwa Kiingereza, yote huanza kwa herufi P. Wepesi wa kukumbukwa ndio ulioyaeneza mafungu hayo duniani. Kwa Kiswahili tumepata "bidhaa, bei, mahali na matangazo". Zile herufi zimekwisha potea, na pamoja nazo imepotea sababu ya mafungu kuwa manne, wala si matatu au matano; lakini bado twafundisha manne, kwa sauti ile ile ya kuhesabu vidole.

Baya zaidi ni hilo "mahali". McCarthy hakukusudia pale mwuzaji alipoketi; alikusudia njia yote ambayo bidhaa huipitia mpaka imfikie mtumiaji. Mwenye kibanda pale Misigiri akiambiwa "zingatia mahali" atakitazama kivuli cha mti wake, na pengine atauhamisha mkeka. Neno "ufikishaji" lingemfaa zaidi, maana lingemkumbusha basi, utingo, nauli ya mzigo, na dalali wa upande wa pili.

Jumla ya mafungu hayo manne nimeiona ikifasiriwa "mchanganyiko wa masoko". Kwa msomaji asiyekijua kitabu cha asili, maneno hayo hayana picha yoyote, isipokuwa labda siku ambayo soko la samaki na la nguo yamewekwa pamoja. Kuwapambanua wanunuzi katika makundi nako kumeitwa "mgawanyo wa soko". Lakini kwa mwenye biashara ndogo kugawa soko ni kugawa vizimba, shughuli ambayo huleta ugomvi na kwa kawaida humhitaji diwani. Mwalimu anayeanza somo lake kwa maneno hayo amekwisha wapoteza wanafunzi nusu kabla ya chai.

Kitenzi tulichonacho

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho kikinyambuliwa hubeba karibu yote yanayotakiwa.

"Kuuza" katika kauli ya kutenda ni kutoa kitu na kupokea thamani yake. Hicho ni kitendo cha mwisho, cha dakika moja. Katika kauli ya kutendea twapata "kuuzia", na hapo mtu wa pili amekwisha ingia katika neno lenyewe, kwa kuwa haiwezekani kuuzia pasipo wa kuuziwa. Mwulize mkamuzi "unauza nini?" naye atajibu "mafuta", na mazungumzo yamekwisha. Mwulize "unamwuzia nani?" naye hana budi kufikiri. Anawauzia abiria wanaotaka dumu la lita 5 la kupeleka nyumbani Dar es Salaam. Anamwuzia mama mkaanga maandazi, ambaye hutaka nusu lita kila asubuhi na hulipa mwisho wa juma. Anamwuzia mfanyabiashara wa Mwanza achukuaye madumu 40 kwa mara moja na kudai bei ya jumla. Tena anawauzia wafugaji mashudu, ambayo hayakutajwa kabisa alipoulizwa anauza nini. Kila mmoja wa hao anataka chombo chake, kipimo chake na namna yake ya kulipa. Ule upambanuzi wa wanunuzi ambao fomu iliutaka umepatikana kwa kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea.

Katika kauli ya kutendeka twapata "kuuzika", na sasa macho yanahamia kwenye bidhaa. Mafuta yanauzika au hayauziki. Ukiuliza kwa nini hayauziki utaelezwa habari za mashapo chini ya chupa, kifuniko kinachovuja, dumu lililobaki na harufu ya kitu kingine, mbegu zilizokamuliwa kabla ya kukauka vizuri. Wafuga nyuki wa Wilaya ya Manyoni wanalijua sana jambo hili. Asali ya nyuki wadogo wasiouma hawaichanganyi na asali ya nyuki wakubwa; huitaja kwa jina lake na kuiuza kwa bei ya juu zaidi. Hapana aliyewafundisha kwamba wanatofautisha bidhaa. Vivyo hivyo mchuuzi wa kuku aliyepata kuwasafirisha hadi Dar es Salaam anajua kwamba maneno "kuku wa kienyeji wa Singida" yana thamani ambayo kuku yule yule, asiye na jina, hana.

Katika kauli ya kutendesha twapata "kuuzisha", yaani kukifanya kitu kipate kuuzwa. Chupa zilizopangwa juani kando ya barabara ili rangi ya mafuta ing'ae zinauzisha, ijapokuwa jua hilo hilo huyaharibu mafuta upesi, na mwuzaji mwangalifu huweka juani chupa moja ya maonyesho na nyingine zote kivulini. Bango linauzisha. Kauli njema inauzisha. Kijiko kimoja cha asali cha kuonja kinauzisha kuliko bango. Kwa dhana hii wengi wamekwisha zoea neno "promosheni", lakini neno hilo mitaani limejipatia maana yake nyembamba, nayo ni punguzo la bei la siku chache. Mkamuzi akiambiwa afanye promosheni ataelewa kwamba anaambiwa apunguze bei, jambo ambalo pengine ndilo lisilomfaa. "Utangazaji" nao umekwisha kuwa mali ya redio na televisheni. "Uuzishaji" ni neno ambalo bado halijashikwa na mtu.

Wapo watakaosema kwamba "uuzaji" ni neno finyu mno kwa kazi pana namna hii, kwa kuwa kuuza ni sehemu moja tu ya kazi yenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Neno "kilimo" limetokana na kulima, na kulima hasa ni kupasua ardhi kwa jembe. Hata hivyo hakuna anayelalamika kwamba Wizara ya Kilimo inashughulika na mbegu, viwavi, mbolea na maghala. Upana wa istilahi huletwa na matumizi, mradi mzizi wake uwe ni kitu ambacho msikilizaji amekishika mkononi. "Masoko" ni pana tangu mwanzo, lakini halina mpini.

Pendekezo letu kwa hiyo ni kwamba katika maandishi yanayomlenga mwenye biashara ndogo kazi nzima iitwe "uuzaji", na kiasi kilichouzwa kiitwe "mauzo", bila ya kuyachanganya maneno hayo mawili kama ifanyikavyo sasa. "Masoko" libaki katika majina ya idara, shahada na vyama. Na pale ambapo ripoti husema "kutafuta masoko", isemwe "kutafuta wanunuzi", kwa kuwa ni watu wanaotafutwa, si majengo.

Bei haisomeki bila kipimo

Vitabu vingi vya mafunzo huliendea somo la bei kwa kujumlisha gharama na faida. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala si ngumu. Ugumu uko mahali pengine, nao ni wa lugha: bei ya nini? Katika masoko yetu kitu kimoja huuzwa kwa kilo, kwa debe, kwa sado, kwa fungu na kwa gunia. Debe lilikuja kama kopo la mafuta ya taa la galani 4, likabaki kuwa kipimo. Sado ni ndogo yake aliyezaliwa juzi. Ni kopo la rangi ya Sadolin lililogeuzwa kuwa kipimo cha maharage, na jina la kiwanda likageuka kuwa nomino ya kawaida bila ya kikao chochote cha kusanifu. Mtu wa istilahi hawezi kulitazama neno hilo bila ya husuda kidogo.

Lakini si kila neno la sokoni ni rafiki wa mwuzaji. "Lumbesa" ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa wavu juu, na kwa wakulima wa vitunguu neno hilo lina maana ya mzigo wa ziada uuzwao kwa bei ya gunia. Kanuni za vipimo zimeweka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huwakamata wavunjao kanuni hiyo. Hata hivyo tangazo lisemalo "wananchi wazingatie vipimo sahihi" halimgusi mkulima kama tangazo lisemalo "usiuze lumbesa". La kwanza limetoka sheriani, la pili limetoka shambani.

Kwa wakamuzi mtego wenyewe umo kati ya kilo na lita, ambazo wafasiri wengine huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 basi lina mafuta ya kilo 18.4 tu. Mkamuzi aliyesoma katika kijitabu kwamba dumu ni "kilo 20", akayapima mafuta yake kwenye mizani mpaka zitimie kilo 20, huwa ametoa karibu lita 21.7. Amempa mnunuzi zaidi ya lita moja na nusu bure. Kwa yule mfanyabiashara wa Mwanza achukuaye madumu 40, hasara hiyo inakaribia lita 70, yaani madumu matatu na nusu. Neno moja lililofasiriwa kwa uzembe linaweza kula faida ya msimu.

Chapa, nembo na lehemu

Mengine yanahitaji maelezo mafupi tu.

"Chapa" hutumiwa leo kwa jina na sura ambayo kwayo bidhaa hutambulikana. Katika mkoa wa wafugaji kama Singida neno hili halihitaji kufundishwa, maana kila mtu amepata kumwona ng'ombe aliyepigwa chapa, na ipo sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 inayohusika na jambo hilo. Mwalimu aanze na ng'ombe: chapa humwambia mtu asiyekujua kwamba mnyama huyu ni wa fulani. "Nembo" ni picha au mchoro wenyewe. "Alama ya biashara" ni istilahi ya kisheria, iliyomo katika sheria ya mwaka 1986, nayo haina budi kusajiliwa ndipo mwenyewe apate kuidai mahakamani. Mtu anaweza kuwa na chapa inayojulikana kutoka Manyoni hadi Nzega na asiwe na alama ya biashara. Siku mwingine akilisajili jina hilo, ndipo atakapoijua tofauti ya istilahi hizo.

"Mnyororo wa thamani" ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo imekwisha enea katika ripoti za miradi. Kwa mwenye baiskeli mnyororo ni wa kuendeshea, kwa wengine ni wa kufungia mbwa au mtuhumiwa. "Safari ya zao" ingetosha: kutoka shambani hadi mashineni, hadi dumuni, hadi jikoni, na katika kila kituo kuuliza nani ameongeza nini na amelipwa nini. "Mlaji" halifai kwa anayenunua sabuni, basi tuseme "mtumiaji". Kuhusu "mjasiriamali", neno hilo limekwisha shinda. Tangu Desemba 2018, lilipotiwa katika vitambulisho vilivyotolewa kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyofikia shilingi milioni 4 kwa mwaka, hata muuza karanga amelijua. Twaomba tu lisitumiwe kama cheo cha heshima mahali ambapo "mkamuzi", "mchuuzi" au "mfuga nyuki" lingeeleza zaidi.

Kisha kuna "lehemu". Chupa nyingi za mafuta ya kupikia huandikwa "haina lehemu". Neno hilo fundi wa redio analijua kwa maana yake ya kale, yaani ile risasi ya kuungia nyaya, na si ajabu kumsikia mnunuzi akishukuru kwamba mafuta hayakutiwa madini. Hata aliyeielewa sawasawa maana mpya hajaambiwa kitu cha kumsaidia kuchagua, kwa kuwa mafuta ya mimea yote, ya alizeti, ya pamba au ya ufuta, kwa kawaida hayana lehemu ya kutajika.

Swali lililoandikwa upya

Turudi kwenye ile fomu. Ikiwa hoja za makala haya zina nguvu, sehemu ya "mpango wa masoko" inaweza kuandikwa hivi, bila ya kumpunguzia afisa habari hata moja anayoihitaji:

"Mnawauzia nani sasa, na mnataka kumwuzia nani mwingine? Kila mmoja wao hununua kiasi gani, kwa kipimo gani, na baada ya siku ngapi hurudi? Bei yenu ni ngapi wakati wa mavuno, na ngapi miezi sita baadaye? Mafuta huwafikiaje wanunuzi, na nani hulipa nauli? Mnunuzi asiyewajua atajuaje kwamba mafuta haya ni yenu?"

Maswali hayo ni marefu kuliko maneno mawili. Wapo watakaosema kwamba fomu haina nafasi. Lakini fomu yenye nafasi finyu inayorudi na jibu lisilotakiwa haikuokoa karatasi, kwani itajazwa mara ya pili. Wale wanawake wa Ikungi wangeyajibu maswali yote kwa mdomo chini ya mwembe katika muda wa robo saa, na katibu wao angeandika.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi. Viwanda vikubwa huandika kwenye chupa zao kwamba mafuta "yamesafishwa mara mbili". Mafuta ya mkamuzi mdogo, ambayo yamekamuliwa, yakatuamishwa na kuchujwa, lakini hayakupitia mitambo ya kuondoa rangi, harufu na asidi, katika maandishi rasmi huitwa "yasiyosafishwa" au "ghafi". Kwa masikio ya Mswahili kisichosafishwa ni kichafu. Kitenzi kimoja, "kusafisha", kimebeba kazi mbili, ya kuondoa uchafu na ile ya kiwandani, na mkamuzi mdogo ndiye anayelipa tofauti hiyo kila mnunuzi asomapo lebo. "Mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa" ni maelezo ya kweli na yanaweza kutumika kwa sasa, lakini ni marefu kwa lebo ya nusu lita. Neno "kuchuja" peke yake halitoshi, kwa sababu na viwanda huchuja. Wasomaji walioko Singida, Dodoma na Manyara, hasa walimu wanaoishi karibu na mashine za kukamulia, wanaombwa watuandikie jina litumiwalo kwao kwa mafuta ya namna hiyo, liwe la Kiswahili, la Kinyaturu, la Kinyiramba au la Kigogo, wakieleza wamelisikia wapi na nani hulitumia, mwuzaji au mnunuzi.